Injini Iliyosafishwa Mno

Jumatatu, 3 Machi

Fundi amemaliza. Siku nne kalala chini ya gari la marehemu baba, hapahapa uani kwangu, na kila jioni kaondoka na shati jeupe kama alivyokuja nalo. Ndiyo maana watu wanamwita Msafi. Gasketi ya hedi mpya, mkanda wa taiming mpya, injini inang'aa utadhani sahani ya wageni.

Kasoro moja tu — haiwaki.

Stata inazungusha vizuri. Injini inasikiliza, haijibu. Msafi kasema ni hewa imeingia kwenye mipira ya dizeli, itatoka yenyewe. Nikamuuliza itatoka kwenda wapi. "Dada, hii ni dizeli, siyo pasi." Mimi ni dobi, kwa hiyo huo ulikuwa utani. Nauandika nisije nikausahau.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kaja. Habari mbaya hazimchelewi.

Baada ya msiba tulikubaliana mbele ya mama: gari linabaki kwangu maadamu linatembea, kwa sababu ndilo linalobeba mashuka ya gesti tatu. Siku likilala moja kwa moja, linauzwa. Leo kalizunguka, kapiga gurudumu teke, kachungulia ndani kama daktari asiye na haraka. "Mdogo wangu, hili limeshakuwa banda la kuku. Jumamosi nakuja na mtu wa vyuma chakavu."

Nikamwambia aje ameshakunywa chai, hapa hatapata.

Mashuka nimeyapeleka kwa mkokoteni. Dada wa mapokezi wa gesti ya kwanza kanitazama kama nimekuja kuomba msaada. Kasema wiki ijayo bosi wake "ataangalia utaratibu mwingine". Utaratibu mwingine! Bila gari sina kazi, nina beseni tu.

Haliuzwi.

Jumatano, 5 Machi

Ufundi sijasomea. Nimesimama tu karibu na mafundi miaka ishirini, nikijifanya nakunja mashuka.

Asubuhi nimevaa suruali ya baba na kufungua sanduku lake la spana. Kwanza hewa. Nimelegeza boliti juu ya filta, nikasukuma kile kipampu cha mkono mpaka mapovu yakaisha. Kisha nikalegeza nati za mabomba kwenye nozeli zote nne zinazonyunyiza dizeli, mama nikamkalisha kwenye usukani azungushe ufunguo. "Nizungushe kama redio au kama kitasa?" Kitasa, mama.

Dizeli ikaruka kutoka mabomba yote manne! Nimelowa mpaka kope.

Nikakaza nati. Hita za kupasha silinda nimezipima kwa taa, zote nzima. Piga stata — moshi mweupe tele kwenye ekzosi, unanuka dizeli mbichi. Moto hakuna. Nimekaa kwenye ndoo nikaufikiria ule moshi. Ni dizeli iliyofika na kukuta wenzake, hewa na joto, wameshatawanyika. Imefika, ila imechelewa.

Nikampigia Msafi. Kasema pampu ya dizeli imekufa, niuze tu. Nikamwambia basi ni maiti wa kwanza kunitemea mate.

Alhamisi, 6 Machi

Msafi kaja, kanuna. Nikamwuliza gia ya pampu, ile inayoamua dizeli ifike lini, aliipanga kwa alama ipi. "Ya kiwandani. Ya kiwandani haidanganyi."

Mama alikuwa pale anashona kifungo. Hakuinua hata kichwa: "Hiyo inadanganya. Gia ilitoka kwenye gari lingine. Mume wangu alichora mstari wake mwenyewe, kwa ile rangi nyeupe ya madirisha."

Tukatoa kava ya mkanda, tukainama wote watatu. Mstari hakuna. Gia inametameta kama kijiko.

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyopita Msafi alisema hafungui injini chafu. Na ni nani aliyekimbia ndani kumletea ile sabuni ya madoa sugu? Nani alijisifu kwamba haiachi kitu? Mimi! Alitoa kava tu, tukasugua kwa brashi, yeye huku, mimi kule, watu wawili tunaoliona doa kama tusi. Mstari wa baba tumeufua kabla Msafi hata hajalegeza mkanda.

Nimecheka mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Msafi hakucheka. Kasema taiming si kazi ya madobi, nisiguse. Kabeba spana zake kaenda zake.

Nitagusa.

Ijumaa, 7 Machi

Gia ya pampu haihusiki na vali. Nikikosea gari litakataa tu, halitavunjika. Nimejirudia hivyo mara kumi, kisha nikachukua spana.

Kava nje. Mkanda umelegezwa. Dizeli inachelewa — basi gia mbele jino moja. Alama nimeichimba kwa msumari, siyo rangi. Hiyo aje mtu aifue nione.

Piga! Moshi umepungua. Na limekohoa! Mara mbili, kama mzee anayetaka kusema kitu. Halafu betri ikaisha. Nimeipeleka kwa fundi redio ichajiwe. Jino moja halitoshi.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu asubuhi kaka mlangoni, mtu wa vyuma chakavu nyuma yake na kamba ya kuvutia. Mimi nimezama kwenye injini mpaka mabegani. Jino la pili tayari, betri imejaa. Mkono wa mama unauma leo.

Nikamwambia kaka akae kwenye usukani. "Nimekuja kuuza, sikuja kufanya mazoezi." Nikamwambia linalonguruma linauzwa vizuri zaidi. Kakaa.

Piga.

Likashika! Silinda mbili, labda tatu — gari zima linatikisika, boneti inagonga meno. Kaka akapiga kelele, "Baba, limeshika!" Kisha likazima. Mama kaingia ndani. Kaka kajifuta uso kwa mkono wa shati, kasema ni moshi.

Karibu, siyo penyewe. Lakini pampu nayo inazunguka kidogo kwenye boliti zake, chini ya jino moja. Nimezilegeza, nimeisogeza unene wa kucha, nimekaza. Stata ni ya moto, haishikiki, tunaisubiri ipoe. Ndiyo maana naandika, juu ya bampa, kwa vidole vya grisi.

Kaka hajashuka.

"Nipige?" Bado. "Sasa je?" Bado, kaka, utaunguza stata.

Mtu wa vyuma kauliza kama gari linachukuliwa au halichukuliwi, ana safari nyingine. Kaka hakumgeukia. Kamwambia aweke kamba chini, ashike tochi, na ammulikie dada vizuri.