Ua la Unga wa Muhogo

Mjukuu wangu Meena,

Marahaba. Sisi wa Katubuka hatujambo, ila tangu Babu yako afariki, hakuna anayekikalia kiti chake.

Umeniuliza kama unaweza kuchora rangoli, yale maua yetu ya sakafuni ya sikukuu ya Diwali, mlangoni pako huko Dodoma, kwa zile rangi mpya na vibao vyenye matundu. Nyumba yenye msiba haichori mwaka huo. Unalijua hilo.

Mwaka aliofariki mama yangu, sakafu ya nyumba yetu ya Mwanga ilibaki tupu. Asubuhi ya sikukuu tulifungua mlango, tukamkuta Mama Zuhura, jirani yetu Mwislamu, amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na ua kubwa la unga wa muhogo, limepinda upande mmoja.

"Nimeona mwaka huu hamna wa kuwachorea," alisema. "Mama yenu angeona aibu."

Hakuujua mwiko wetu. Baba yangu alikuwa mtu mkali, nami niliogopa kwamba angelifagia ua lile mbele ya macho ya jirani yetu.

"Mama Zuhura," alisema Baba, "hili ni ua au dagaa?"

"Ni ua, Mzee. Usinicheke."

Baba hakucheka. Alivua viatu, akalivuka taratibu, akaenda dukani pekupeku huku akilia. Hakuwa amelia tangu msiba.

Hatukulikanyaga. Kuku ndio waliolimaliza.

Kwa hiyo usichore, Meena. Lakini jirani akikuchorea, usifute.

Bibi yako