Karatasi ya Mlangoni

Shoga, uko wapi? Leo nimemponza bosi.

Si unajua yule mshauri nasaha mwenzake alimwambia, akitaka wateja wanaomfaa, aandike anaelewana zaidi na watu gani? Basi kaandika, akaiacha kwenye meza yangu ya mapokezi. Mimi nikajua ni tangazo. Nikaibandika mlangoni.

Kumbe alijiandikia mwenyewe: "Wazee wabishi, wasiotaka ushauri, walioburutwa na mabinti zao."

Saa nne kaingia mwalimu mkuu mstaafu, binti yake kamshika mkono. Akasimama pale akaisoma yote. Kwa sauti. Ile sauti ya kupanga wanafunzi mstarini.

Bosi katoka, kaona karatasi, kaniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee akamuuliza, "Huyu mbishi ni nani?"

Bosi akajibu, "Ni… watu ninaoelewana nao, baba."

Mzee akavua kofia, akamwambia binti, "Wewe subiri nje."

Saa nzima, shoga. Mara wanabishana, mara wanacheka. Mimi nimeshaanza kukusanya vitu vyangu.

Mzee katoka macho mekundu, anatabasamu. Nikanyoosha mkono niibandue.

"Iache hapo," akasema. "Kesho namleta shemeji yangu, naye asome jina lake."