Kikohozi Nilichokificha

Nyumba ya nyuma ya karakana ya viatu,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, na mgongo je? Kazi ya kuwanyanyua wazee wa watu kitandani si mchezo, usijifanye chuma. Sisi tu wazima, na mwanao Kijino anaendelea vizuri. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umetulia.

Kwenye simu nilikuambia upasuaji wake wa ngiri ulikwenda salama salimini. Sikukuambia yote, Dada, na tangu siku hiyo chakula hakinipiti.

Wiki ile Kijino alikuwa na mafua. Siku moja kabla ya kwenda hospitali alishinda akikohoa. Nilijua wakisikia hivyo wangeahirisha upasuaji, na ruhusa ya kazini nilikuwa nimeipata kwa mbinde. Msimamizi wetu pale kiwanda cha sare, yule tunayemwita Bi Pasi kwa kuwa akikupitia lazima unyooke, alishasema hatanipa nyingine. Basi jioni nikampa mtoto dawa ya kikohozi, asubuhi nikampangusa pua vizuri, tukaenda.

Daktari wa usingizi ni mwanamke mpole. Alichuchumaa mbele ya Kijino akatueleza taratibu. Siku hizi hawapasui tumbo zima. Wanatoboa vitundu vidogo, wanajaza gesi tumbo liinuke, kisha wanaingiza kamera. Gesi ile husukuma mapafu, kwa hiyo mtoto akishalala kwa nusukaputi huwekewa mpira kooni, mashine ikimpumulia. Ndipo akauliza, "Amekuwa na mafua au kikohozi siku hizi?"

"Hapana, daktari," nikasema.

Kijino aliniangalia. Nikamminya mkono.

Nilikaa kwenye benchi mpaka nikamwona muuguzi akipita mbio kuingia ndani. Sijui nilikaa muda gani baada ya hapo. Najua tu kwamba kanga yangu ilikuwa imeloa machozi daktari alipotoka.

"Ngiri imekwisha vizuri," akasema. "Lakini tulipomtoa mpira, koo lilijibana, hewa ikawa haipiti. Alibadilika rangi midomoni. Tumempa oksijeni na dawa, sasa anapumua mwenyewe." Akaketi kando yangu. "Niambie kweli. Alikuwa na mafua?"

"Ndiyo. Jana alikohoa kutwa."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alisema tu, "Ngiri yake ilikuwa inaweza kungoja wiki chache, mama. Ungeniambia, tungengoja," akarudi ndani kumwangalia.

Kilichonimaliza kabisa kilikuja jioni, wodini. Muuguzi alimuuliza Kijino kama anakohoa. Mtoto akanitazama kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya kukwaruza, "Hapana. Mama mdogo alisema hapana." Hapo hapo akakohoa, muuguzi akacheka. Mimi nilitoka nikalia kwenye ngazi.

Niliporudi nilimwambia mbele ya muuguzi kwamba nilidanganya, na kwamba daktari akimuuliza, aseme anavyojisikia, hata mimi nikimkonyeza.

"Hata ukiniminya mkono?"

"Hata nikikuminya, mwanangu."

Sasa vidonda vyake vinakauka, vidogo kama alama za ndui, na anawaonyesha watoto wa jirani bila hata kuombwa. Kifua kimesafika. Anakula kuliko mimi.

Dada, uliniachia mwanao kwa kuniamini, nami nikamwogopa Bi Pasi kuliko nilivyoogopa kumpoteza mtoto. Nimejaribu kutafuta namna nyingine ya kulisema hilo, sikuipata. Ukiamua akakae kwa shangazi yake, sitabisha. Nitamfungia nguo zake na kumpeleka mwenyewe. Ukiamua abaki, nitashukuru, wala sitajidai kwamba nilistahili. Ila usimkasirikie yeye kwa kunyamaza. Alimtii mkubwa wake, kama tulivyomfundisha.

Msalimie shemeji, na yule rafiki yako mpishi anayekuchekesha. Shangazi na babu wanakusalimu. Hawajui haya bado, nimetaka uyasikie wewe kwanza.

Mungu akulinde ugenini, na akupe maneno ya kunijibu, hata yakiwa machungu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Mama mdogo wa Kijino