Ulimwambia Huna Mtu

Mdogo wangu Pacifique,

Leo utanisikiliza mpaka mwisho. Ukiwa hai ulikuwa unanikata kauli kila nikianza kukugombeza, na umekufa kabla sijamaliza.

Unakumbuka ulipohamia Chiang Mai, mbali huko mashariki? Ulinipigia video mchana, mimi niko ndani ya basi huku Ubelgiji, pale Chaussée d'Ixelles, natoka kuogesha wazee wa watu, mgongo unaniuma. Kwako jua linazama. Unatembea kando ya lile handaki la maji linalozunguka mji wa kale, unanionyesha kuta za matofali, mahekalu, vichochoro ulivyovigundua siku hiyo. Nikikuuliza, "Na kazi?" unageuza simu, naona kompyuta mezani karibu na bakuli la supu. "Kazi ni hii, dada. Ninaibeba fasi yote, kokote niendako." Nilicheka mpaka abiria wakanitazama.

Maman hakucheka. Yeye alikimbia vita Kivu na sisi mgongoni, akangoja karatasi za Ubelgiji mpaka akaota mvi. Leo mwanawe mwenye karatasi hizo anahama tena kwa kupenda kwake. "Donc, ni nani anamufukuza?" aliniuliza.

Halafu simu zikapungua. Mara mtandao mbovu, mara kazi nyingi. Mwishoni ulikuwa unatuma picha tu. Habari ya mvua, pikipiki na ile kona kando ya maji ulipofia ilichelewa sana kutufikia, kwa sababu anwani uliyoiacha ni ya nyumba tuliyokwisha kuihama. Nilipofika huko nilikabidhiwa sanduku dogo la mbao. Walikuwa wamekuchoma kwa desturi yao, kwa heshima zote, watawa wakikuombea. Mama mwenye nyumba yako alishtuka kuniona, akalia. Akanieleza kwa Kiingereza cha shida kwamba ulimwambia huna mtu duniani. Huna mama, huna ndugu. Ndiyo maana alikuhurumia, akakufanyia kama mwanawe.

Nilikaa kitandani kwako nikakutukana matusi yote ninayoyajua, kisha nikakunja mashati yako. Tulikukosea nini? Labda ulichoka kuwa mtoto wa wakimbizi, ukataka kuwa mgeni tu kama wale wengine wenye kompyuta zao, ambao hakuna anayewauliza wametoka wapi. Ninaelewa, Pacifique, na bado nina hasira.

Huku nyumbani Etterbeek, Maman alifungua mlango, akalitazama sanduku, hakulipokea. "Miye sikuzalaka majivu," akasema. Watu wa kanisa walikuja na vyungu vya chakula kukaa matanga, akawarudisha. Hakuna maiti, hakuna kilio. Akaniuliza nani aliyekubali mtoto wake achomwe. Nikamwambia ni sheria ya kule. Lile neno lako, kwamba huna mtu, nimelimeza, na kwangu hatalisikia kamwe. Sanduku likabaki kwangu, juu ya kabati la chumbani, na mimi nikawa nalala sebuleni.

Asubuhi moja akanipigia. "Vaa, twende tukanunue costume." Tulizunguka maduka mpaka akapata suti nyeusi ya kimo chako. Kwenye viatu akamwambia muuzaji namba yako, "Anavaaka quarante-trois," kama vile umebaki nje unavuta sigara. Mimi nikajifanya naangalia soksi.

Alitaka jeneza la mtu mzima, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Akailaza suti ndani, viatu mahali pa miguu, akanyoosha mikono ya koti. Sanduku akaliweka ndani ya koti upande wa kifua, akafunga vifungo kimoja kimoja. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kile kilio.

Makaburini watu walijaa mpaka wengine wakasimama barabarani. Wapo waliotoka Liège, wapo waliokubeba ukiwa mchanga. Wanaume sita wa kwaya wakashika jeneza, wakalinyanyua kwa nguvu zao zote, likaruka juu hata likataka kuwaponyoka. Wakatazamana. Kila mtu aliona.

Maman akawasogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mumubebe kama vile iko muzito."

Wakainamisha migongo. Wakatembea polepole, hatua fupi fupi, mpaka shimoni.

Lala basi, mtoto wa maman.

Dada yako mkubwa