Pacha wa Somoe

Mjukuu wangu Zainabu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Kikole hatujambo. Babu yako kikohozi kimepungua, ubishi umezidi.

Umeuliza nani alinifunza kuuliza watu hali zao kabla ya kupakua. Ni jirani yetu Somoe. Enzi za ujamaa, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza shule, nilipakua ugali kwenye shamba la kijiji. Mkutano ulikubaliana kila mtu sahani moja, nami niliupenda sana usawa huo. Somoe, aliyekuwa akinyonyesha pacha na maziwa yakimpungua, akarudi na sahani tupu.

“Umeshapata, dada.”

Akacheka. “Msomi wetu, hawa wangu hawakuja mkutanoni, lakini wanakula humuhumu mwilini mwangu.”

Wanawake wakaangua kicheko. Nikampa sahani yangu, nikarudi kulima na njaa, nikiwasikia pacha wakinyonya kivulini.

Bibi yako akuombeaye kila swala.