Kadi ya Kusimamisha

Johannesburg, mwezi wa baridi

Mama yangu mpenzi,

Kamwene. Huku baridi inauma kuliko ya Iringa, lakini mwili wangu mzima. Je, kifua chako? Mahindi ya bondeni hapo Kalenga mmeyavuna, au nguruwe mwitu wamewawahi? Mwalimu anayekusomea barua hii namwomba aisome yote, hata ukimkatiza.

Ulitaka kujua kazi yangu ya ofisini. Nalisha kadi kwenye mashine ya kuhesabu wachimbaji wa mgodini. Kila mtu ana kadi yake, na mashine hurudia kazi ile ile kwa kila kadi, haichoki, haiulizi. Kadi ya mtu ambaye hakushuka shimoni hutiwa alama. Mashine ikiiona humruka mtu huyo, ikaendelea na mwingine. Mwisho wa bunda tunaweka kadi ya kusimamisha. Jumatatu mwenzangu aliisahau, mashine ikaendelea kuchapa namba ya mtu wa mwisho, karatasi juu ya karatasi, mpaka Mzungu akaja kuizima huku akitutukania mama zetu.

Nilisimama pale nikakuwaza wewe, mama, na ugali unaomfunikia Kaka Zakaria kwa ungo kila jioni.

Tangu lile shimo alimokuwa Kaka liporomoke wakati wa mvua, mashine inamruka. Nilijipa moyo kwamba anayerukwa si lazima awe amekufa. Wewe nawe ukakataza watu kulia, ukisema kumlilia mtu ambaye maiti yake haijaonekana ni kumchuria. Nilikuunga mkono. Lakini juzi Mwakyusa wa Mbalizi, aliyekuwa naye zamu moja, ametoka hospitali na mguu mmoja.

"Elia, usingoje tena, bwana," akaniambia. "Mkono wake nilikuwa nao hapa, nimeushika mpaka umepoa. Halafu wamejenga ukuta, wameliacha shimo na watu wake."

Maiti haitaonekana, mama. Tukiingoja hiyo tutangoja mpaka na sisi tufe, na shemeji atabaki si mke wala si mjane. Inaniuma sana kwamba ni mimi ninayekuandikia haya.

Zikeni lile koti lake la kanisani, mnyoe nywele. Leo usimfunikie ugali. Lia, mama, na wengine waache walie.

Nisalimie mjomba mgema ulanzi. Mwambie achimbe kaburi kwanza, anywe baadaye. Shangazi mfinyanzi naye mpe pole yangu. Shemeji mshike mkono.

Ni mimi, mwanao uliyebaki naye,
Elia