Samaki wa Shimo la Msingi

Jumanne, 2 Aprili
Nimemgeuza Mama saa moja, tena saa nne. Uji. Dawa. Mkono wa kulia, ule uliolala tangu apooze, una alama kumi na tisa za mbu. Hawezi kuwafukuza. Neti hataki, anasema inamfunika kama maiti. Wanatoka kwenye lile shimo nyuma ya nyumba. Mtu alichimba msingi hapa Kaloleni akatoweka, mvua ikalijaza. Viluwiluwi tele, kama mchele kwenye sufuria.

Alhamisi, 4 Aprili
Kaka Wafula amekubali. Atamchukua Mama kwake Buruburu tarehe 28. Kwa sababu ya mbu, amesema, watamuua. Si kwa sababu yangu. Sawa tu. Tarehe 29 naanza kazi kiwanda cha nguo, Athi River. Miaka minne sijatoka humu ila kwenda sokoni na kurudi mbio. Nimelia jikoni kwa furaha.

Jumamosi, 6 Aprili
Mama ameamka jicho moja halifunguki, limevimba. Na bado wiki tatu. Nimeshindwa kuvumilia. Mama Auma, jirani anayekaanga samaki, amesema kwao hutia vifaranga vya ngege, wale samaki wa ziwani, kwenye maji, vinamaliza viluwiluwi. Ameniletea ndoo nzima kutoka kwa mfugaji anayemjua. Nikawamwaga shimoni. Nilijiona mjinga.

Jumanne, 16 Aprili
Nimechota maji ya shimo mara tano. Hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Mkononi mwa Mama, alama mbili tu. Amecheka, upande mmoja wa mdomo. Majirani wananisalimia kama mbunge.

Jumapili, 21 Aprili
Kaka amekuja na mkewe. Amekaa mlangoni na kaptura kuanzia saa kumi mpaka giza likaingia. Hakujipiga kofi hata mara moja. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimempeleka shimoni nimwonyeshe samaki. Akawapiga picha. Tulipomaliza chai akasema, "Dada, kumbe hapa pametulia hivi? Tusimsumbue Mama kumhamisha. Wewe ndiye unamjua." Wifi akaitikia haraka mno.
Nikamkumbusha kazi. Akasema kazi haziishi.
Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeingia.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimeomba mtungi wa oili chafu kwa fundi wa magari. Ukiimwaga juu ya maji samaki wanakufa. Oili yenyewe ingeua viluwiluwi pia, lakini ikishasombwa na mvua mbu wangerudi, na samaki wasingekuwepo. Nilishapiga hesabu yote. Nikasimama ukingoni. Samaki wakaja juu, wakidhani nimewaletea makombo. Sikuwahurumia hao. Niliwaza lile jicho la Mama. Nimerudisha mtungi. Namchukia kaka yangu. Leo hata Mama nimemchukia, kuanzia saa tano hadi saa saba hivi.

Alhamisi, 25 Aprili
Nimetafuta mtu wa kumtunza mchana. Wa kwanza alimwona Mama akasema yeye mgongo unamuuma. Wa pili alifika asubuhi, saa sita akavaa viatu. Kumwinua si mchezo. Kaka hashiki simu.

Ijumaa, 26 Aprili
Nimewapigia kiwandani. Msichana wa ofisini alikuwa mpole. Amesema nafasi watampa mwingine, foleni ni ndefu.

Jumatatu, 29 Aprili
Mvua ya asubuhi. Mama amelala hadi saa mbili, hajaumwa popote. Na mimi nimelala. Nimeamka nimepumzika, nikaona aibu.
Nilikuwa namlisha uji akashika kijiko kwa mkono mzima. Siku hizi maneno yake hutoka polepole, lazima umsubiri. Nikamsubiri.
"Ungewaacha mbu wanile tu, mwanangu."
Kumbe alisikia yote. Nikamfuta mdomo. Nikamgeuza upande wa dirisha, nikaenda kuosha bakuli.